Tuazime Ufundi, Tusiazime Jina

Muhula huu neno jipya limeingia shuleni petu, nalo ni "shibori". Chama cha Kazi za Mikono kimetangaza kwamba siku ya wazazi kitaonyesha nguo zilizotiwa rangi kwa mtindo wa Kijapani, na tangu siku ile maneno hayakatiki, bwenini wala mezani. Wako wasemao kwamba ni upuuzi Mwafrika kuiga nguo za Wajapani, maana mwiga tembo hupasuka msamba. Wako na wengine wasemao kwamba nguo ikipendeza imependeza, hapana haja ya kuuliza ilikotoka. Mimi sikubaliani na upande wowote katika hizo mbili. Kwa ruhusa ya Bwana Mhariri nataka kueleza sababu zangu, ili wanafunzi wenzangu, pamoja na wazee wetu waliotutangulia katika shule hii, wapate kuamua wenyewe.

Rai yangu ni hii. Kuiga si aibu, lakini kuna kuiga kwa namna mbili. Mtu mmoja huazima ufundi: huketi chini, hujifunza kwa mikono yake, husema wazi kwamba amejifunza kwa fulani, kisha huurudisha kwao akafanya kazi iliyo yake mwenyewe. Mtu mwingine huazima jina tu, akalibandika juu ya kitu chepesi ili kipate kuuzika. Wa kwanza ni mwanafunzi. Wa pili simwiti mwizi, lakini ni jirani yake.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Shibori ni neno la Kijapani litokanalo na tendo la kukamua na kukaza. Fundi huchukua nguo nyeupe, akaifinya mahali padogo padogo na kuifunga kwa uzi; au akaipitisha mshono mrefu na kuuvuta mpaka nguo ikajikunja; au akaikunja na kuibana kati ya vibao viwili. Kisha huitumbukiza katika rangi, na mara nyingi rangi hiyo ni nili, ile ya buluu. Mahali palipokazwa rangi haipenyi. Nyuzi zikisha kufunguliwa, nguo huonekana ina nakshi nyeupe juu ya buluu, na hapana nakshi mbili zilizo sawasawa kabisa, kwa kuwa mkono wa mtu si mashine.

Mji uliojulikana sana kwa kazi hii ni Arimatsu, ambao siku hizi umo ndani ya jiji la Nagoya. Ulianzishwa mwaka 1608 kando ya njia kuu ya Tokaido, iliyounganisha Kyoto na Edo, yaani Tokyo ya leo. Wenyeji wake walitafuta riziki kwa kutia rangi vitambaa vya pamba na kuwauzia wasafiri. Mchoraji mashuhuri Hiroshige, alipochora vituo vya njia ile katika miaka ya 1830, alichora pia maduka ya nguo hizo. Husemwa kwamba zilipata kuwako namna zipatazo mia za kufunga, na desturi ilikuwa kila fundi kushika namna yake na kuwarithisha wanawe.

Mwaka 1880 mtu mmoja wa Arimatsu, jina lake Suzuki Kanezo, alibuni namna mpya. Alizungusha nguo juu ya mti wa mviringo, mrefu kupita kimo cha watu wawili, akaikaza kwa uzi na kuisukuma mpaka ikajikunja, ndipo akaitia katika rangi. Mistari yake hukaa upandeupande kama mvua inayosukumwa na upepo, kwa hiyo ikaitwa "arashi", maana yake tufani. Lakini karne ya 20 ilipoendelea mavazi yalibadilika, wanunuzi wakapungua, vijana wakaenda viwandani, na mafundi wa tufani wakabaki wa kuhesabiwa kwa vidole.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Katika watu walioipa kazi ile uhai mpya wamo wageni. Yoshiko Wada, mama aliyezaliwa Japani na kusomea Kyoto, alihamia Marekani, na katika miaka ya 1970 akaanza kufundisha shibori katika mji wa Berkeley, California. Mwaka 1983 yeye na wenzake wawili, Mary Kellogg Rice na Jane Barton, walitoa kitabu kikubwa kilichoeleza namna za kufunga moja baada ya moja. Waliona kwamba Kiingereza hakina neno moja linalotosha kwa kazi zote hizo, basi wakalishika neno la Kijapani. Wamarekani waliojifunza hawakuwa na mti mrefu wa Arimatsu. Wakachukua bomba la plastiki, la namna ile ipitishayo maji majumbani, wakazungushia hariri yao. Mmoja wao, Ana Lisa Hedstrom, amesifika kwa nguo na vitambaa vyake vya tufani, lakini ukiviona huwezi kudhani kwamba vimetoka Arimatsu. Ni vyake. Kisha mwaka 1992 watu wa mataifa mbalimbali wakakutana Nagoya penyewe, penye chimbuko la kazi, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa shibori. Mwanafunzi akarudi kwa mwalimu mkono wake ukiwa na kitu.

Huko ndiko kuazima ufundi. Hawakuficha asili yake, hawakubadili jina ili lionekane lao, wala hawakuogopa kubadili mti kuwa bomba. Waliosema kwamba mwiga tembo hupasuka wamesahau kwamba mithali ile yamsuta mwenye kujitia ukubwa asio nao, wala haimsuti mwenye kujifunza.

Tena na tukumbuke kwamba biashara ya nguo kati yetu na Wajapani si jambo la jana. Katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi zilizouzwa Afrika Mashariki. Wachoraji wa huko, ambao wengi wao pengine hawakupata kuiona pwani yetu, walijifunza pindo, mji wa kanga na maandishi yake, wakafuata yale yaliyopendwa na akina mama wa huku. Hakuna aliyesema kwamba kanga imekuwa ya Kijapani, wala kwamba Mjapani amepasuka msamba. Kanga imebaki kanga.

Nao Wajapani wenyewe huazima kwa wazee wao kwa uangalifu huo huo. Itchiku Kubota, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa kijana wa miaka 20 alipoona katika jumba la makumbusho la Tokyo kipande cha nguo ya kale iitwayo tsujigahana, iliyotiwa rangi kwa kufungwa na kuchorwa kwa mkono. Ufundi ule ulikuwa umetoweka tangu karne nyingi. Vita vikaja, Kubota akatekwa, akafungwa Siberia, na kurudi kwao mwaka 1948. Baadaye akaanza kuutafuta ufundi ule uliopotea, akashindwa, akajaribu tena. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1977, naye ana miaka 60. Hariri ya zamani haikufumwa tena, na rangi alizotumia zilikuwa za kisasa. Kwa hiyo hakudai kwamba amefanya tsujigahana ile ile ya kale. Aliiita "Itchiku Tsujigahana", yaani tsujigahana ya Itchiku. Neno moja la wazee, neno moja lake. Mimi naona kwamba katika maneno yale mawili imo sheria nzima ya kuazima. Kubota alifariki mwaka 2003, lakini mavazi yake makubwa, yenye picha za milima na majira ya mwaka, yamo katika nyumba ya makumbusho aliyoifungua mwaka 1994 karibu na mlima Fuji.

Hali kadhalika kampuni ya Nuno ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Junichi Arai na Reiko Sudo. Hawa hawakukaa kulilia nguo za mababu. Sudo, kwa mfano, amefuma nguo kwa uzi uitwao kibiso, nao ni ile hariri ngumu ya nje ya kifukofuko, ambayo wafumaji wa zamani waliiona haifai kwa kuwa yakatakata na ni nene. Mwanzoni mashine hazikuikubali, ikabidi uzi ulainishwe na ufanywe mwembamba. Kitu cha kutupwa kikawa nguo, na jumba la makumbusho la New York lililoonyesha nguo mpya za Kijapani mwaka 1998 lilionyesha na kazi za Nuno.

Sasa na tutazame upande wa pili. Mwezi wa Juni mwaka 2019 mwanamke mmoja maarufu wa Marekani, Kim Kardashian, alitangaza biashara yake mpya ya nguo za ndani na kuiita "Kimono", akataka jina hilo lisajiliwe kisheria liwe lake. Nguo zenyewe hazikuwa na mkono wa kimono wala mshipi wake. Hazikuwa na kitu cha Kijapani ila jina. Meya wa Kyoto, Bwana Daisaku Kadokawa, alimwandikia barua akimsihi aache, kwa sababu kimono ni urithi wa wote wanaoupenda, wala haifai mtu mmoja kulimiliki jina lake. Watu wengi walilalamika pia, na mwezi wa Agosti jina likabadilishwa. Huko ndiko kuazima jina. Nguo ya kuazima haisitiri, na jina la kuazima halisitiri hata kidogo.

Liko na jambo jingine gumu zaidi, ambalo sitaki kulipita. Kaskazini mwa Japani, katika nchi ya baridi kama Aomori, pamba haikustawi, na wakulima maskini walivaa nguo za katani. Nguo ikichakaa hawakuitupa. Walitia kiraka juu ya kiraka na kushona mishono midogo midogo ya uzi mweupe, ili nguo iwe nzito na kuzuia baridi. Mishono hiyo huitwa sashiko, na matambara yale huitwa boro. Mwenye kuvaa boro aliona haya. Leo matambara yale huuzwa kwa bei kubwa, wabunifu wa mavazi wa Ulaya na Marekani huyaiga, na kuna watu wanaoshona viraka juu ya suruali isiyo na tundu. Je, ni vibaya? Mimi nasema si vibaya, iwapo tu mwenye kuiga ajua kwamba mishono ile ilishonwa na mama mwenye vidole vilivyokufa ganzi, akiogopa mtoto wake asife kwa baridi. Asiyejua hayo ameiga alama ya njaa ya mtu bila kujua kwamba ni njaa. Ajuaye, naye akashona tundu la kweli katika nguo yake ya kweli, ameazima hekima.

Najua mtu ataniuliza: "Majina ya nini? Mbona Yanagi Soetsu, mwenye kuanzisha makumbusho ya kazi za mikono za watu wa kawaida huko Tokyo mwaka 1936, alimsifu fundi asiyejulikana jina?" Swali hilo ni la haki. Yanagi aliona kwamba bakuli la mkulima, lililofanywa na mtu asiyetafuta sifa, hupata uzuri ambao msanii mwenye majivuno haupati. Lakini kutojitafutia sifa ni jambo moja, na kunyimwa haki ni jambo jingine. Fundi akinyamaza kwa unyenyekevu, huo ni wema wake. Sisi tukinyamaza juu yake, huo si wema wetu. Mgala muue na haki yake mpe. Tena serikali ya Japani yenyewe haikunyamaza: kwa sheria ya mwaka 1950 na marekebisho yake ya mwaka 1954 iliweka utaratibu wa kuwatambua mafundi wakuu, ambao raia huwaita hazina hai za taifa. Serizawa Keisuke, rafiki wa Yanagi, aliyekwenda Okinawa kujifunza namna ya kutia nguo rangi kwa karatasi iliyokatwa nakshi, alipewa heshima hiyo mwaka 1956.

Hazina hai! Hapo ndipo ninapotaka turudi nyumbani, maana sisi wa Uganda tunazo, nasi hatuzitazami. Nguo ya gome la mti wa mutuba ilikuwako katika nchi ya Buganda kabla ya pamba kufika kwa misafara ya wafanya biashara. Gome huambuliwa wakati wa mvua, hupigwa kwa nyundo za mti za namna mbalimbali mpaka likawa laini na pana, na rangi yake huwa kama udongo mwekundu. Mti hauuawi, shina hufungwa kwa majani ya mgomba, na gome huota tena. Watu wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi maji, ndio waliowafanyia wafalme nguo hiyo kwa vizazi vingi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia nzima.

Lakini humu shuleni ukoje? Wengi wetu tumeiona nguo hiyo mazishini tu. Humu madarasani wamo wana na wajukuu wa mafundi wa mutuba, nao wakiulizwa kazi ya babu hujibu, "mkulima", kwa kuwa waona haya kusema kwamba apiga magome. Kijana huyo huyo aweza kukutajia Arimatsu. Haya ndiyo yanayonihuzunisha. Kazi ya mikono tumeifanya kuwa kimbilio la waliofeli hesabu, tena wavulana wengine huiita kazi ya wanawake, hali Kubota alikuwa mwanamume na wapiga mutuba ni wanaume. Arimatsu ilikaribia kupoteza tufani yake kwa sababu vijana waliona haya na kutafuta kazi nyingine. Je, sisi twangoja nini? Twangoja mgeni aje na bomba la plastiki atufundishe kupiga gome?

Basi sisemi kwamba maonyesho yafutwe. Hasha! Nasema yafanywe kwa haki, nami naleta mashauri matatu.

La kwanza, nguo isiitwe shibori ila aliyeifanya ameifunga kwa mkono wake na aweza kueleza ameifungaje. Kando ya kila nguo pawekwe karatasi yenye jina la namna iliyotumika, mahali ilikotoka, na jina la mwanafunzi aliyeifanya. Fulana iliyokunjwa mara mbili, ikafungwa kwa mipira na kumwagiwa rangi kwa dakika 10, iitwe fulana ya rangi. Hapana aibu katika jina la kweli.

La pili, aalikwe mzee mmoja fundi wa mutuba, naye asikae nyuma pamoja na wapishi. Aketi mbele, apewe nafasi ya mwalimu, na alipwe kama mwalimu, maana muda wa fundi ni mali kama muda wa mwenye shahada.

La tatu ndilo nilipendalo zaidi. Nguo ya mutuba mara nyingi huwa na matundu mahali palipokuwa na matawi, na mafundi huyaziba kwa viraka vya gome lile lile. Tazameni! Kule Aomori viraka, huku Buganda viraka. Mwanafunzi aliyejifunza sashiko barabara aweza kuziba matundu yale kwa mishono midogo ya uzi mweupe juu ya wekundu wa gome, akafanya kitu ambacho hakijapata kuonekana Japani wala hapa. Pengine mara ya kwanza gome litapasuka, na ya pili pia. Kubota alijaribu mpaka uzee ukamkuta. Lakini kazi hiyo ikifaulu, hatutahitaji kuulizana kama ni ya Kijapani au ya Kiganda. Itakuwa na maneno mawili, la mwalimu na la mwanafunzi, kama ilivyo desturi ya kazi njema.

Wazee wetu waliopita hapa, wengi wenu sasa ni wenye kazi na wenye sauti. Mkija siku ya wazazi, msinunue nguo kabla hamjauliza nani ameifanya na amefundishwa na nani. Nasi wanafunzi tujiandae kujibu. Na yule mwenzetu mwenye babu mpiga magome, siku hiyo amlete babu yake kwa mkono, amwonyeshe kiti cha mbele, na aseme kwa sauti ya kusikika kazi ya babu yake ni nini.